Sikio Halinunuliwi Dukani

Katika barza zetu za Pemba, baina ya kikombe cha kahawa na mazungumzo ya bei ya karafuu, nimezisikia kauli mbili kila unapotajwa muziki. Ya kwanza husemwa kwa dharau: kwamba wale watungaji wa muziki wa kitaalamu wanaohangaika kutafuta sauti zisizopata kusikika ni Wazungu walioshiba, na kelele zao haziwahusu watu wenye akili timamu. Ya pili husemwa kwa fahari: kwamba sisi nasi tumeendelea, maana mahali palipohitaji watu ishirini wenye fidla, udi na ganuni, sasa kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme anatosha.

Nathubutu kusema kuwa kauli zote mbili ni za uongo, na uongo wao una mzizi mmoja. Zote zinadhani kuwa sauti mpya ni bidhaa. Hutengenezwa ng'ambo, hupakiwa melini, na kazi yetu sisi ni kuipokea au kuikataa ifikapo bandarini.

Mimi si mwanamuziki. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa katika chuo cha ualimu, na nimestaafu nikiwa mkuu. Ninachokijua ni jinsi mtoto anavyojifunza, nami najua kwamba mtoto husikia kwanza, kalamu huja baadaye. Kwa hiyo nazungumza juu ya sikio, na nadhani mwalimu ana haki ya kulizungumzia.

Tuanze na kauli ya kwanza, ile ya Wazungu walioshiba. Mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado havijaisha, kijana mmoja wa Misri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kunasia sauti kutoka kituo cha redio mjini Cairo. Mashine yenyewe haikuwa na kanda. Ilinasa sauti juu ya waya mwembamba wa chuma, na uzito wake ulikuwa wa kumtoa mtu jasho. El-Dabh aliibeba akaenda nayo kwenye shughuli ya zaar. Msomaji wa Pemba hahitaji kuelezwa sana zaar ni nini. Ni ngoma ya kupunga, ya wanawake, ndugu wa zile ngoma za pepo tunazozijua hapa kwetu. Mwenyewe alisimulia kwamba ilimbidi ajifunike kichwa ili aweze kuingia, kwa kuwa wanaume hawakuruhusiwa.

Aliporudi studio hakuridhika kuisikiliza ile ngoma kama ilivyo. Alijiuliza kuna nini ndani ya sauti. Chukua sinia la shaba uligonge kwa kijiko. Kwanza utasikia mgongo, kisha mvumo unaobaki ukielea juu ya sinia kwa muda. Sisi husikia mgongo tukadhani mambo yamekwisha. El-Dabh aliufuata mvumo. Aliziondoa sauti za msingi za wale waimbaji ikabaki mivumo ya juu yake tu, akaipitisha katika chumba cha mwangwi, akazisogeza kuta za chumba hicho ili mwangwi ubadilike, akainasa tena. Kilichopatikana hakikuwa tena ngoma ya kupunga, wala hakikuwa wimbo. Kilikuwa kitu kipya kabisa. Kipande kifupi cha kazi ile kimesalia mpaka leo, na mtu yeyote anaweza kukisikiliza. Ukikisikiliza utadhani ni bahari inaimba usiku, mbali na ufukwe.

Vitabu vingi vya historia ya muziki hutaja Paris, mwaka 1948, na Mfaransa Pierre Schaeffer aliyetunga muziki kwa sauti za garimoshi zilizonaswa, kuwa ndiko ulikoanzia utunzi wa namna hii. Schaeffer alifanya kazi kubwa na sina nia ya kumpunguzia heshima yake. Lakini 1944 inatangulia 1948 katika hesabu ya kila skuli, na Cairo iko Afrika. Zaidi ya hayo, malighafi ya kazi ile ilitoka kwa akina mama waliokuwa wakiimba katika chumba kilichofungwa, watu ambao mabwana wa mji ule wangeona aibu hata kuwataja mbele ya wageni. Sasa niambie, msomaji, yuko wapi hapo Mzungu aliyeshiba?

Najua baadhi ya wenzangu wataguna kwa kuwa nimetaja ngoma za pepo. Hukumu yake katika dini wanayo wenye elimu yake, wala mimi siingii humo. Nazungumzia sikio. El-Dabh hakwenda kupungwa. Alikwenda kusikiliza kitu ambacho jirani zake walikuwa wakikisikia kila siku bila kukisikiliza, na hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka ieleweke.

Baadaye alikwenda Marekani, akafanya kazi na mabingwa wa muziki wa elektroniki, na alifariki huko mwaka 2017 akiwa na miaka 96. Kabla ya kutulia huko, jambo jingine alilifanya karibu na kwetu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, kilichoitwa wakati huo kwa jina la Mfalme Haile Selassie. Katika mji ule wenye nguvu wangeweza kumtaka aunde okestra ya fidla na tarumbeta kama za Ulaya. Yeye mwaka 1963 aliunda Okestra Ethiopia kwa ala za wenyeji: krar na begena za nyuzi, masinko ya uzi mmoja, filimbi ya washint, na ngoma. Akawakusanya wapigaji wa makabila na mila mbalimbali, watu ambao hawakuzoea kukaa jukwaa moja, wakawa kundi moja. Ala zote zilikuwa za zamani, lakini kukutana kwao kukazaa mlio ambao Ethiopia haikupata kuusikia.

Hivi ndivyo wafanyavyo watafutaji wa kweli. Tazama Uganda. Justinian Tamusuza, aliyekuwa mwalimu wa muziki Chuo Kikuu cha Makerere, alisoma utunzi mpaka ngazi ya uzamivu huko Marekani. Angeweza kurudi akawa mwigaji hodari wa Wajerumani. Badala yake alitunga kazi ya fidla mbili, viola na chelo, akaiita kwa Kiganda Ekitundu Ekisooka, yaani sehemu ya kwanza, na ndani yake akatia mwendo wa ngoma na nyimbo za Buganda. Kundi la Kronos la Marekani liliipiga katika albamu yao ya mwaka 1992, Pieces of Africa, iliyonunuliwa sana duniani. Watu walioisikia New York na London waliona ni jambo jipya. Kwa bibi wa Kiganda sehemu yake kubwa ilikuwa jambo la nyumbani lililovaa nguo nyingine.

Na nini hicho cha nyumbani? Kuna ala iitwayo amadinda, ya vipande 12 vya mbao vilivyopangwa juu ya migomba. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana. Mmoja hupiga mfululizo wake kwa mwendo sawa, na mwingine hupenyeza wake katikati, pigo kwa pigo, kila mmoja akigonga kwenye nafasi aliyoiacha mwenziwe. Wakishika kasi, msikilizaji huanza kusikia nyimbo ambazo hakuna kati yao anayezipiga. Sikio lenyewe huziokota humo ndani, na wa tatu huzigonga juu ili zisikike wazi. Wataalamu wa Ulaya walishangaa walipoligundua hili. György Ligeti, mtungaji wa Hungaria ambaye anahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa karne ya ishirini, aliposikia katika miaka ya 1980 muziki wa Afrika ya Kati uliojengwa kwa sauti zinazopishana namna hiyo, aliona mlango mpya umefunguka, na mazoezi yake mashuhuri ya piano aliyoanza kuyaandika mwaka 1985 yana alama za mshangao ule.

Basi nikuulize wewe uliyezaliwa Pemba. Je, hujapata kuwasikia wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Akija wa tatu, nafasi inapatikana bila michi kugongana, na katikati ya mapigo hayo akili inasikia wimbo ambao hakuna anayeuimba. Sayansi ile ile iliyomshangaza Ligeti ilikuwa ikitwanga nafaka uani kwetu, nasi tukipita tukiuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Sasa nije kwenye kauli ya pili, ya kinanda cha umeme. Taarab yetu ilizaliwa kwa kutafuta sauti mpya. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa. Muziki ule ulikuwa wa mabwana na wa Kiarabu mpaka Siti binti Saad, mwanamke kutoka Fumba aliyezaliwa katika umaskini, alipouimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akenda Bombay kunasa sahani za santuri. Siti hakununua kitu kipya. Alikuwa na sauti yake, lugha yake na habari za mitaa ya Ng'ambo, akazitia ndani ya muziki wa kasri mpaka kasri lenyewe likawa linasikiliza mtaa. Huo ndio uvumbuzi, na wako waliouchukia.

Kinanda cha umeme kimetufanyia nini? Kina funguo nyeupe na nyeusi, sauti 12 zilizopimwa sawasawa kiwandani, kisha zinajirudia. Lakini muziki tulioupokea kutoka Misri una sauti zinazokaa baina ya ufunguo na ufunguo, zile robo sauti za maqamu kama Rasti na Bayati. Udi hauna vigawio shingoni, kwa hiyo kidole cha mpigaji kinaweza kutua pale hasa sauti ilipo. Fidla vilevile. Mwaka 1932 mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu ulifanyika Cairo, na hata Béla Bartók, mtungaji mashuhuri wa Hungaria, alihudhuria. Moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kama piano iruhusiwe au isiruhusiwe, kwa sababu hiyo hiyo. Wale waliona hatari wakaijadili. Sisi tulikipokea kinanda bila hata kikao. Siku hizi vinanda vingine vinaweza kurekebishwa vitoe robo sauti, lakini ni wangapi wanaovirekebisha? Kijana hubonyeza kitufe, ngoma ya kiwandani ikaanza kujipiga, naye akaimba juu yake. Ile sauti iliyokuwa baina ya funguo imekufa, na hakuna aliyeifanyia matanga.

Cha kusikitisha ni kwamba watoto wa Pemba wanazijua sauti hizo. Wamezisikia tangu wachanga katika adhana na katika kisomo cha masheikh wetu. Sisemi kisomo ni muziki, hasha! Nasema masikio ya watoto hawa yamekwisha kulelewa kwa unyoofu mkubwa, na sisi tunayapeleka kwenye chombo kisichoujua unyoofu huo, kisha tunaita maendeleo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapo pia wahafidhina, nao siwaachi. Hawa huniambia: "Mwalimu, umesema kweli, basi tuziweke ngoma zetu kama zilivyokuwa, asiguse mtu." Kisha msewe huchezwa dakika kumi mbele ya mgeni rasmi, kibati hupewa dakika tano, picha zikapigwa, na wachezaji wakapandishwa gari warudi kwao. Kibati ni majibizano ya papo kwa papo, maneno yakikimbizana na ngoma kwa kasi inayomtoa msikilizaji pumzi. Kibati kilichokaririwa ni maiti ya kibati. Mtu akisema ngoma hii ilindwe kwa kutobadilishwa, hajaielewa, maana kubadilika papo hapo ndiyo roho yake.

Na nisije nikaonekana mzee anayechukia kila kinachopendwa na vijana. Singeli ya Dar es Salaam siwezi kuivumilia kwa dakika tano. Mbio zake zinanipa kizunguzungu. Lakini haki ni haki. Vijana wa Manzese na Tandale walivitwaa vinanda vya bei nafuu na kompyuta chakavu, wakachukua vipande vya taarab, wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka vikawa kitu ambacho hakikuwahi kuwapo duniani, na leo wanaitwa kukipiga Ulaya. Hawakumwiga mtu. Chombo walinunua, sikio lilikuwa lao. Kati ya kijana huyo na yule anayebonyeza kitufe cha kiwandani, mimi namheshimu wa kwanza, hata nikiwa nimeziba masikio.

Suala basi ni hili: kwa nini Pemba, yenye kinu, zumari, kibati, msewe, upepo wa mikarafuu na mchakacho wa karafuu zikigeuzwa juu ya majamvi, haijamtoa El-Dabh wake? Jibu ninalo, na linaniuma kwa sababu ni la nyumba yangu mwenyewe, nyumba ya ualimu. Tumelifundisha jicho na mkono, sikio tukaliacha lijilee. Mwalimu anaweza kumaliza chuo akajua kupanga andalio la somo kwa ustadi, lakini asiweze kumwambia mtoto kwa nini uzi mfupi hutoa sauti ya juu kuliko mrefu.

Wakati mmoja nilipendekeza wanachuo wapewe saa moja kwa wiki ya kusikiliza na kupiga ala. Ofisa mmoja, ambaye jina lake halina faida hapa, alinijibu kuwa taifa linahitaji sayansi na hesabu, wala halihitaji wapiga manyanga. Sikubishana naye siku ile kwa kuwa kikao kilikuwa kinafungwa. Leo nafasi ninayo, basi nimjibu.

Twaa udi, bwana. Guta uzi mmoja, usikie sauti. Kisha weka kidole katikati hasa, uache nusu ya uzi. Utasikia sauti ile ile, imepanda daraja. Acha theluthi mbili, utapata sauti nyingine inayopatana na ile ya kwanza mpaka mtoto wa darasa la pili atatabasamu. Hayo ni masehemu, ambayo watoto wetu hufeli kila mwaka kwa kuwa wanayaona ubaoni tu. Mvumo wa sinia ni fizikia. Mapigo ya mbili dhidi ya tatu ni hesabu. Anayetenga muziki na sayansi hajui muziki, na nashuku hata sayansi yenyewe hajaijua vizuri.

Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilianzishwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi katika Mji Mkongwe, na kimewafaa vijana wengi. Lakini mtoto wa Micheweni au Kengeja hana nauli ya kuvuka bahari kila wiki akajifunze kusikiliza. Linalowezekana hapa lifanyike hapa, nami nataja mambo matatu yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, kila mwanachuo wa ualimu, kabla ya kuhitimu, anase sauti za kijiji chake kwa muda wa mwezi mmoja: kinu, jembe, mtumbwi ukikokotwa, zumari, nyimbo za kazi. Aombe ruhusa, na aandike jina la mwenye sauti, maana sauti ina mwenyewe. El-Dabh aliazima mashine nzito. Mwanachuo wa leo ana simu mfukoni yenye uwezo mara nyingi zaidi, na huitumia kusikiliza mizaha.

Pili, wapigaji wazee waingizwe darasani wakiwa walimu, walipwe kama walimu, wala wasiitwe kama mapambo ya sherehe. Kila mwaka tunazika mmoja, na baadhi yao wanakwenda na namna za kupuliza zumari ambazo hakuna kijana aliyezirithi.

Tatu, katika mashindano yetu ya skuli, pamoja na tuzo ya anayecheza msewe vizuri kama babu yake, iwepo tuzo ya mtoto atakayeuchukua mchakacho wa msewe akatunga nao kitu ambacho babu yake hakukifikiria. Majaji watagombana, na watagombana sana. Hiyo ni dalili njema. Hakuna aliyewahi kugombana juu ya kinanda kinachojipiga chenyewe.

Wataniambia kwamba nyingi kati ya kazi hizo zitakuwa kelele. Naam, zitakuwa. Insha nyingi nilizosahihisha maishani zilikuwa mbovu, na hakuna aliyependekeza tufunge somo la insha. Kati ya insha mia moja hupatikana moja ya kumkesha mwalimu, na kwa ajili ya hiyo moja tunawafundisha wote mia.

Kinu kikiwa kipo, michi ipo, na waliojua kutwanga kwa kupokezana bado wapo wachache, sioni udhuru. Mashine za kusaga nazo zimefika kila kijiji, na kila moja inaponguruma, uani pananyamaza. Mwenye sikio na awahi.